Nairobi ya Kupima

Wakazi wa Mukuru, Mathare na Korogocho, mitaa ya mabanda ya Nairobi, wamezoea lawama moja inayoletwa na kila mtaalamu anayeingia mtaani na fomu zake: kwamba wao ni maskini kwa kuwa hawajui kupanga pesa. Wananunua mafuta ya kupikia ya shilingi 20 ilhali lita nzima ingewatoka kwa nafuu. Wanachangia matanga ya jirani na kodi ya nyumba haijalipwa. Jumapili alasiri wanakaa kwenye kikao cha chama cha kuchangiana pesa kwa zamu wakinywa chai, badala ya kuweka pesa benki na kwenda zao. Wanampokea binamu aliyeshuka basi juzi, naye anakula miezi bila kutoa senti. Lawama hizi husemwa kwa upole, tena na watu wenye nia njema, na ndiyo maana zinaudhi. Ninachodai ni kwamba mambo haya yote ni mila, kwa maana ile ile tunayoitumia tukizungumzia posa au jando: yana wajibu wake, adabu yake, aibu yake na adhabu yake. Jamii iliyojitungia mila hizo ni ya watu wanaolipwa kwa siku. Ukiwaondolea leo, kesho ujira wao utakuwa ule ule, lakini hali yao itakuwa mbaya zaidi.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazotumiwa kuwahukumu. Sensa ya 2019 ilipata wakazi 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Uchunguzi wa bajeti za familia wa mwaka 2015/16 uliuweka mstari wa umaskini wa mijini kwenye shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi, na kwa kipimo hicho asilimia 16.7 tu ya watu wa Nairobi walikuwa maskini, wakati nchi nzima ilikuwa na asilimia 36.1. Kwenye karatasi, basi, Nairobi ni kaunti ya wenye nazo. Ukigawanya, shilingi 5,995 ni kama 200 kwa siku. Lakini kibarua wa mjengo hapati shilingi 200 kila siku. Siku tatu anapata maradufu au zaidi, siku nne harudi na kitu. Mshahara wa chini uliotangazwa Mei 2022 kwa kibarua wa mjini, shilingi 15,201 kwa mwezi, ulimhusu aliyeandikwa kazi, na zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini haiko katika sekta rasmi. Mtu wa siku tatu na siku nne hahitaji mhadhara wa kupanga mwezi. Anahitaji njia ya kuifikisha pesa ya Jumanne hadi Ijumaa bila kupotea njiani. Benki haikuundwa kwa kazi hiyo, basi watu wameunda chombo chao.

Wala hawakuanza jana. Serikali ya kikoloni iliuona mji kuwa mahali pa kufanyia kazi. Kuishi kulikuwa huko Waafrika walikotoka. Mwafrika alikuja na kitambulisho cha kipande shingoni, akalipwa mshahara wa kapera hata kama ana mke na watoto watano, akapewa nafasi ya kulala katika nyumba za reli pale Muthurwa au za baraza la mji pale Shauri Moyo, na shamba likaachiwa kazi ya kulisha familia. Ilikuwa 1954 ndipo kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza kwamba mtu mzima alipwe ujira wa kutosha familia. Waliokuwa na kazi za kudumu walipata nafuu. Waliobaki waliendelea kulipwa kama wapita njia. Pengo lilizibwa na vyama vya ustawi kama Luo Union, vilivyopokea wageni, vikasuluhisha ugomvi na kusafirisha maiti. Mwaka 1980 serikali ya Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Majina yalikufa, kazi ikahamia vyumbani. Wala bidii ya watu hawa haikuwa siri: tayari mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoitangazia dunia habari za sekta isiyo rasmi, na ikasema wazi kwamba watu hawa wanafanya kazi, tena kwa ufanisi, na kwamba kinachowakwamisha ni kusumbuliwa na wakuu. Zaidi ya nusu karne baadaye kanjo, yaani askari wa jiji, bado wanarusha kreti za nyanya kwenye lori.

Sasa turudi kwenye mafuta ya shilingi 20. Ni kweli kwamba anayepimiwa hulipa zaidi kwa kila lita; huo ni ushuru wa umaskini na sina nia ya kuupamba. Lakini anayeshauri lita nzima anafikiria jikoni mwake, kwenye kabati na mlango unaofungwa. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hakina siri. Chupa iliyojaa huonekana, na jirani akija na kikombe huwezi kumnyima, kwa kuwa kesho utakwenda kwake wewe. Zaidi ya hayo, pesa ikishageuka mafuta haigeuki tena kuwa nauli ya kutafutia kibarua asubuhi. Kisha kuna mwenye duka, aliye nyuma ya wavu wa chuma na daftari lake la madeni. Anayekuja kila jioni kupimiwa unga, sukari robo na kijiko cha majani ya chai anajulikana, na siku akikosa anaandikiwa. Anayekimbilia supamaketi siku ya mfuko kujaa, kisha akarudi dukani kukopa siku ya ukame, atajibiwa kwa adabu kwamba kalamu imeisha wino.

Kazi yenyewe hugawanywa kwa mila, na jambo hili takwimu za ajira haziwezi kuliona. Langoni mwa mjengo, kabla ya saa moja asubuhi, watu ni wengi kuliko makoleo. Fundi huchagua mtu wake wa mkono, na humchagua aliyeletwa na mtu. Aliyemleta anabeba dhamana: mgeni akivunja toroli au akitoroka na nyundo, jina linaloharibika ni la mwenyeji. Kibarua akiugua, humtuma ndugu yake ashike nafasi. Katika matatu dereva humwachia mwenzake asiye na gari mizunguko kadhaa, wanaita kupewa skwodi, ili naye apeleke kitu nyumbani. Kazi moja inalisha majiko mawili, na mhesabuji anaandika mwajiriwa mmoja na asiye na kazi mmoja. Watapinga kwamba huu ndio ukabila wenyewe, kwamba mlango unafunguliwa kwa lugha ya mama. Mara nyingi ni kweli. Kijana aliyelelewa Korogocho na mama peke yake, asiye na mjomba mjengoni wala binamu katika soko la Gikomba, hubaki nje, na kwake mila hii haina jibu. Ila sharti tuulize ni kipi kingeshika nafasi yake. Asiye na barua ya mwajiri wala cheti chenye uzito atathibitishwa na nani kama si na anayemjua? Ofisi zinazotangaza nafasi magazetini nazo hazijawahi kumshawishi mtu mtaani kwamba huingilika bila kujuana.

Chama ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu ya chai. Kitazame kwa karibu. Wanawake wa ploti moja au soko moja wanapiga kura kupanga namba za kupokea, na papo hapo kubadilishana kunaanza: mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza anaomba namba ya Januari, mwenye namba hiyo anamwachia, na jambo hilo linakumbukwa. Anayechelewa hutozwa faini. Mwenyeji huandaa kile kilichokubaliwa na haruhusiwi kuzidisha, maana akileta kuku mmoja, wa zamu ijayo ataaibika. Pesa huhesabiwa kwa sauti na mweka hazina, kisha huhesabiwa tena na anayepokea, huku katibu akiandika kwenye daftari la jalada gumu. Anayepokea hutaja atakachofanya: godoro, mtungi wa gesi, bunda la mitumba, karo. Zamu ikirudi kwake, wenzake watakalia hilo godoro. Vikundi vya mabati vya wanawake wa Mkoa wa Kati katika miaka ya sitini na sabini vilienda kwa mtindo huo huo, wakiezekeana nyumba moja baada ya nyingine hadi nyasi zikaisha paani. Sasa niambie ni benki gani inayokwenda kulitazama godoro. Chai ndiyo ukaguzi. Ndipo inapojulikana nani amekonda, nani mumewe amesimamishwa kazi, nani ataomba kulipa nusu mwezi huu, na ujumbe wa wanawake watatu humwendea kabla deni halijaoza. Kuna mfuko wa dharura pembeni, wa mtoto kulazwa au kibanda kuungua, na wauzaji wa Gikomba wanajua moto haupigi hodi. Watasema vyama huvunjika na waweka hazina hutoroka. Hutoroka. Lakini kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu zilifungwa nchini, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, na sikusikia mtu akisema benki ni desturi ya wasiojua kupanga pesa.

Kuhusu matanga, wakosoaji wana hoja nzito zaidi, nami nitaichukua kwa uzito wake. Wanasema: mlimwacha mtu afe kwa kukosa dawa, sasa mnachanga mamia ya maelfu mumsafirishe maiti. Hoja hiyo haielewi pesa zinakwenda wapi. Mara nyingi sehemu kubwa ya mchango wa matanga ni bili ya hospitali, kwa kuwa kuna hospitali zisizotoa mwili mpaka deni lilipwe. Wakati wa ugonjwa watu walichanga pia, kidogo kidogo, na bili ikawashinda. Kifo kinafungua mifuko ambayo ugonjwa mrefu ulikuwa umeichosha. Kisha kuna yale yanayotendeka mkutanoni. Majina ya waliotoa husomwa yote, aliyetoa 50 na aliyetoa 5,000, na daftari hilo halitupwi. Litafunguliwa siku ya msiba wa mwingine. Aliyezoea kutoa 50 kila kikao ana bima. Asiyeonekana kabisa atazikwa na wachache. Kurudishwa nyumbani nako si mapenzi ya safari. Kaburi ndani ya boma ni ushahidi kwamba marehemu alikuwa wa pale, na kwamba mjane na watoto, wanaoishi Nairobi kwa kodi ya mwezi na wanaoweza kubomolewa wakati wowote, kama walivyobomolewa wa Mukuru kwa Njenga mwaka 2021, bado wana mahali pa kudai. Kwa watu ambao mji haujawahi kuwapa hati, hilo ni jambo la mali. Waislamu wa Majengo na Wanubi wa Kibra huzika mapema na kwa gharama ndogo, nao nawaonea wivu. Lakini hitma na arobaini zao zinashikwa na mikono ile ile ya majirani.

Sitetei kila kinachokula pesa za mtaani. Harambee za wanasiasa na mabunda ya noti jukwaani siziiti mila, ni kampeni. Kamari ya simu nayo sina la kuitetea.

Kinachotishia mila hizi leo ni mkopo wa simu. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 iliwatumikia: mchango ulifika kutoka Mombasa kwa dakika, na pesa za nyumbani hazikupotea tena mikononi mwa kondakta. Mambo yaligeuka baadaye. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019, na katikati yake programu nyingi zisizojulikana mwenyewe. Zote zinatoa kile alichokuwa akitoa mwenye duka na chama, pesa ndogo kwa siku chache, ila bila mtu. Watetezi wanasifu hilo hasa: hakuna aibu, hakuna wa kubembeleza. Nami nasema aibu ndiyo iliyokuwa kinga. Mwenye duka anapokuandikia kilo ya tatu ya unga anakuuliza kulikoni. Simu haiulizi, inaongeza kiwango. Ukishindwa, hakuna wanawake watatu wanaokuja kupanga nawe nusu. Kulikuwa na ripoti kwa waorodheshaji wa wadaiwa hata kwa vijisenti, mpaka mwaka 2020 Benki Kuu ilipokataza madeni ya chini ya shilingi 1,000 yasiripotiwe, na wakopeshaji wengine walikuwa wakiwapigia simu jamaa na wakubwa wa mdaiwa kumfedhehesha. Fedheha ilirudi, basi, bila msaada uliokuwa ukiambatana nayo. Na mtu aliyemaliza riba za simu hana cha kupeleka chamani; hukosa kikao kimoja, kisha viwili, kisha huanza kupitia njia ya nyuma ya ploti.

Serikali nayo hutunga kanuni kana kwamba watu hawa hawana utaratibu wowote. Bima mpya ya afya, SHA, iliyoanza Oktoba 2024 inamtoza asiye na mwajiri angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo: 3,600, kutoka kwa mtu anayepimiwa mafuta ya 20. Wengi wakajiandikisha na wachache wakalipa, na wakubwa wakalaumu ukosefu wa elimu. Suluhisho lililofuata, Lipa SHA Pole Pole, likaja kwa njia ya mkopo. Shilingi 3,600 kwa mwaka ni takriban 10 kwa siku, na hakuna mweka hazina Mukuru ambaye hajui kukusanya kumi kumi za siku na kuzifikisha mwisho wa mwaka zikiwa kamili. Hao ndio ambao hawakuitwa kwenye meza ya kutunga kanuni hizo, na sioni dalili kwamba wataitwa kwa inayofuata.