Moshi wa Monet Ukutani Makongeni

Nilipokuwa nikiishi Makongeni, mtaa wa Nairobi uliojengewa wafanyakazi wa reli, nilinunua picha ya kutundika sebuleni. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Mfaransa Claude Monet wa mwaka 1877: stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, garimoshi limeingia, moshi wa samawati umetanda chini ya paa la vioo. Nakala yenyewe haikuwa ya karatasi bali ya alumini.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliitazama kwa muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "moshi huu naujua. Lakini mchoraji alikosa karatasi?"

Nikamweleza. Wino huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hiyo hubanwa juu ya alumini iliyopakwa utando wa plastiki, kwa joto la nyuzi 200 hivi. Wino hugeuka mvuke na kuzama ndani ya utando. Ndiyo maana picha haivimbi kwa unyevu, na masizi ya jiko la mafuta hufutika kwa kitambaa. Katika vyumba vyetu finyu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, sikuridhika. Monet alipaka rangi nzito. Ukiusogelea mchoro wake utaona alama za brashi zimetokeza. Alumini yangu ilikuwa laini kama sahani, tena iling'aa hata mchana nikauona uso wangu mle motoni na moshini. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usimwonyeshe mwanafunzi nakala kama hii ukamwambia amemwona Monet. Ameona kivuli chake. (Mchoro wenyewe umo Paris, katika jumba la Orsay, ambalo nalo lilikuwa stesheni ya reli!)

Isitoshe, Monet alifariki mwaka 1926, na kazi zake hazina tena hakimiliki. Fedha zangu zilimwendea mchapishaji peke yake, ilhali kwenye Barabara ya Jogoo, hatua chache tu kutoka kwangu, matatu zilipita zimepambwa kwa picha za mafundi wetu, juu ya chuma vilevile. Sikuwahi kuwauliza bei.

Mzee ndiye aliyenizindua. "Na garimoshi letu la Mombasa, nani amelichora?"

Juma lililofuata tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja wa matatu. Kabla ya kutaja malipo, alitaka kujua injini za zamani zilikuwa na magurudumu mangapi. Mzee akavuta kigoda, akaanza kumhesabia.