Kwa Nini Hunywi Maji Siku ya Safari?

Mwezi huu tuzungumzie stendi ya mabasi. Huenda mtashangaa: ukurasa wa afya na stendi, wapi na wapi? Someni kwanza.

Baba mmoja aliyevunjika uti wa mgongo alipoanguka kutoka mwembeni alikuwa akija kliniki yetu kila mwezi. Hutumia kiti cha magurudumu. Mara nyingi alifika na homa, na mkojo wake ulikuwa mzito wenye harufu kali. Tulimtibu, akapona, kisha akarudi vile vile. Siku moja nilimwuliza, "Baba, maji unakunywa?"

Akajibu, "Nyumbani nakunywa, Sista. Ila nikiwa na safari naacha tangu jana yake mchana. Choo cha stendi kina ngazi tatu. Nani atanibeba?"

Basi, dawa zetu zilikuwa zikiponya ugonjwa, na stendi ikiurudisha.

HATARI YA KUJINYIMA MAJI

Mtu akikosa maji, mkojo huwa mzito na vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Aliyeumia uti wa mgongo yuko hatarini zaidi, kwani mara nyingi kibofu chake hakitoi mkojo wote, na huenda asisikie maumivu ya kumwonya. Maambukizo yakipanda hufika kwenye figo. Tena, akijiburuta kwenye ngazi za saruji, ngozi isiyo na hisia huchubuka bila yeye kujua. Mchubuko huo waweza kuwa kidonda cha kuuguza kwa miezi.

TULIVYOKAGUA STENDI

Kamati ya afya ya parokia iliomba ruhusa kwa msimamizi wa stendi, akakubali. Tulikwenda watu wanne: yule baba, kijana asiyeona mwenye fimbo nyeupe, fundi seremala mwenye tepu, na mimi nikiandika. Tulifuata njia ya msafiri toka barabarani hadi mlango wa basi. Kila mahali tuliuliza: je, anapita bila kubebwa? Nanyi mwaweza kufanya hivyo kwa asubuhi moja. Pimeni haya:

1. Njia ya kuingilia. Mitaro ifunikwe. Penye ngazi pawe pia na mteremko wa saruji. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za choo chetu zina kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko wake wahitaji mita 5 na sentimita 40. Ukiwa mfupi sana, kiti hupinduka.

2. Milango. Upana usipungue sentimita 80. 90 ni bora zaidi. Pimeni nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi. Mlango wa choo chetu ulikuwa na sentimita 62, na kiti cha baba yule 66. Hata angebebwa ngazini, asingeingia.

3. Choo. Pawe na nafasi ya kugeuza kiti, yaani duara la sentimita 150, choo cha kukaa, na vyuma vya kushikilia vilivyofungwa imara ukutani. Mlango ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani aweze kuokolewa.

4. Dirisha la tiketi. Sehemu moja iwe chini, aliyeketi aweze kuonana na mkata tiketi.

5. Wasioona na viziwi. Nguzo na meza za biashara zisizibe njia. Matangazo ya safari yaandikwe ubaoni pia. Vigae vyenye vinundu, ambavyo asiyeona huvitambua kwa mguu na fimbo, vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, vikawekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967.

TULICHOKUTA

Nyuma ya ofisi tulikuta choo kingine. Hakina ngazi, na mlango wake una sentimita 90. Kilijengwa kwa ajili ya watu kama baba yule, lakini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kimejaa mifagio na ndoo. Baba alikitazama kwa muda, akasema, "Miaka mitatu napita hapa." Hakusema zaidi.

Ndiyo maana ukaguzi haufanywi kwa kusoma ramani ya jengo. Shikeni kitasa, fungueni mlango, mwenye kiti aingie.

HII NI HAKI

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 yaagiza vizuizi katika majengo, barabara na usafiri vitambuliwe na kuondolewa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Inawezekana: vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Dar es Salaam, vilivyoanza kazi mwaka 2016, vilijengwa na majukwaa yanayokaribiana kimo na sakafu ya basi.

Tuliandika vipimo vyote katika barua, nakala moja kwa msimamizi, nyingine halmashauri. Mifagio iliondolewa wiki ile ile, na ufunguo sasa uko dirisha la tiketi. Mteremko bado tunaufuatilia.

KWENU WAZAZI NA NDUGU

a) Msimkataze mgonjwa maji kwa sababu ya safari. Ulizeni mapema choo kiko wapi na nani ana ufunguo.

b) Akipata homa, au mkojo ukiwa na mawingu au harufu kali, mpelekeni hospitali.

c) Kabla ya kumpandisha basi, mwulizeni mwenyewe jinsi ya kumshika. Msimvute mikono.

Baba yule alikuja kliniki mwezi uliopita na chupa ya maji mkononi, nusu imekwisha. Hakuwa na homa.

Afya njema, hadi mwezi ujao.