Kumkanda Mzazi: Maji Yawe Vuguvugu

Katika nchi kavu kama Kongwa, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, ndoo ya maji ya kumkandia mzazi si kitu kidogo. Yuko aliyeyateka, akatafuta kuni, akayachemsha. Huo ni upendo. Lakini je, mama mpendwa, unamponya mzazi au unamwunguza?

Wengi wetu tumeambiwa kwamba maji yasipokuwa ya moto sana, na tumbo lisipokandamizwa kwa nguvu, damu chafu itabaki ndani. Sivyo. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, ukarudia hali yake katika majuma sita hivi. Mtoto anaponyonya huusaidia kujikaza.

Kazi ya maji vuguvugu ni nyingine. Hulegeza misuli ya mgongo na kiuno, hupunguza maumivu na kuleta usingizi. Kwa hiyo:

– Pima maji kwa kiwiko chako kwanza.

– Kamua kitambaa, kanda mgongo na kiuno taratibu. Tumbo usilibonyeze.

– Aliyejifungua kwa kupasuliwa, kidonda chake kisikandwe.

– Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande. Huenda damu imeganda mshipani. Mpeleke hospitali.

– Akitokwa damu nyingi, akipata homa au kichwa kikimwuma sana, acha ndoo, mpeleke hospitali upesi.

Mwenye kukanda, mama mkwe au shangazi, ajue kwamba mzazi haponi kwa ukali wa maji. Mikono mipole na usingizi wa saa mbili, mtoto akishikwa na mwingine, vitamfaa zaidi.