Gharama ya Mlipuko wa Sekunde Chache: Fataki, Matairi na Mabaki ya Vita katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari ni usiku wa shukrani na shangwe. Katika sehemu nyingi za Tanzania baadhi ya watu huupokea mwaka mpya kwa kurusha fataki, kulipua baruti na kuchoma matairi barabarani, na karibu kila mwaka Jeshi la Polisi hutoa tangazo la kukataza vitendo hivyo. Tangazo hilo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni suala la utulivu tu. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo ni suala la afya pia, na lina uzito usiofanana na ule wa miji mikubwa.

Moyo wa fataki ni baruti, yaani mchanganyiko wa potasiamu naitreti, mkaa na salfa. Rangi zinazopendeza macho hutokana na metali: stronti hutoa wekundu, bari hutoa kijani, shaba hutoa buluu, na alumini hutoa weupe unaometameta. Metali hizo hazitoweki mwanga unapozimika. Hubaki hewani zikiwa chembe ndogo mno zinazoweza kufika ndani kabisa ya mapafu, zikiandamana na gesi ya salfa dioksidi inayobana njia za hewa. Mgonjwa wa pumu, mtoto mchanga na mzee mwenye maradhi ya moyo ndio wa kwanza kudhurika.

Moshi wa tairi ni mbaya zaidi. Tairi likiungua hutoa kaboni monoksidi, salfa dioksidi, benzini na masizi yenye kemikali zinazosababisha saratani. Vituo vilivyo kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Rusumo, kama Lusahunga, Nyakahura na Benaco, havikosi matairi yaliyochakaa. Desemba na Januari ni miezi ya mvua katika eneo hili. Kwa hiyo majivu na masizi hayakai pale yalipoachwa. Husombwa hadi mabondeni, yaliko mashamba na visima, kisha mitoni. Maji ya Ngara huingia katika mito ya Ruvubu na Kagera, na Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria.

Majeraha ya mlipuko huangukia zaidi mikono, macho na masikio. Hata kijiti cha cheche anachopewa mtoto kwa kudhaniwa hakina madhara huwaka kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi. Kwa upande wa sauti, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele ya ghafla isizidi desibeli 120 kwa mtoto na 140 kwa mtu mzima, viwango ambavyo fataki inayolipuka karibu huweza kuvipita. Wapo pia watoto wanaojitengenezea baruti kwa spoku ya baiskeli, msumari na unga wa vichwa vya njiti za kiberiti. Chuma kidogo kinachofyatuka humo chaweza kutoboa jicho, na jicho lililotobolewa huhitaji daktari bingwa. Kwa mkazi wa Rulenge au Nyakahura, huduma hiyo mara nyingi humaanisha safari ndefu hadi Bugando, Mwanza.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa takribani siku moja na kuingia Ngara. Wakimbizi wa Burundi nao walihifadhiwa Lukole kwa miaka mingi. Mtu aliyekimbia risasi anaweza, hata baada ya miaka mingi, kupatwa na mapigo ya moyo ya kasi, jasho, hofu na ndoto za kutisha anaposikia mlipuko asioutarajia. Huo si woga wala si udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotambulika na kutibika, na mhudumu wa afya anapaswa kuuliza habari zake kwa upole.

Vita vya jirani viliacha pia vyuma. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu cha kuuza lililipuka. Wanafunzi watano walipoteza maisha na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Bomu hilo halikuwa fataki. Lakini mtoto anayezoea kuona mlipuko kuwa mchezo anapokonywa hofu inayoweza kumwokoa siku atakapokutana na chuma asichokijua. Katika wilaya za mpakani, fundisho la kwanza kwa kila mtoto liwe hili: usikiguse, usikipige, usikitupe, rudi ulikotoka, kisha mwambie mtu mzima atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Ajali ikitokea, dakika za mwanzo huamua mengi. Sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, majivu na yai mbichi visipakwe. Jeraha linalovuja damu ligandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa bila kuachia. Jicho lililochomwa na kitu lisifikichwe, lisioshwe wala lisibanwe. Likingwe kwa kikombe kisafi kisichogusa mboni, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Sikio linalotoka damu au lililoziba ghafla lisitiwe matone wala maji.

Kwa mhudumu wa zahanati, kila jeraha la mlipuko lichunguzwe kwa makini kuliko linavyoonekana, kwa kuwa tundu dogo la ngozi huweza kuficha kipande cha chuma kilichozama. Chanjo ya pepopunda isisahauliwe, na masikio yote mawili yapimwe. Matibabu ya dharura yasingoje fomu ya polisi. Aidha, mtoto asikaripiwe mbele ya jeraha lake, kwani anayeogopa adhabu huficha mkono ulioungua hadi uoze.

Shangwe haihitaji baruti. Ngoma, vigelegele na kengele za makanisa huutangaza mwaka mpya vya kutosha, na kesho yake hakuna mzazi anayetafuta gari la kwenda Mwanza.