Theluji Wasiyoiona Watoto wa Masimba

Mwalimu anayefundisha Masimba, katika nyanda za juu za Kisii, hana budi kukutana na swali hili siku moja: "Mwalimu, theluji ndiyo ile mvua ya mawe?" Mwandishi wa makala haya aliulizwa, akajibu kwamba ni "barafu laini", na jibu hilo halikumridhisha muulizaji wala mjibuji. Kifungu cha ufahamu kilikuwa kimewapeleka wanafunzi kwenye matembezi ya kipupwe katika mlima wa Ulaya, watu wakiteleza kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Maswali yote yalijibiwa sawasawa. Hakuna aliyeelewa lolote.

Watakuwepo watakaouliza: Mwafrika na theluji wapi na wapi? Wamesahau. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alipelekwa Finland mwaka 1996 kwa udhamini wa kampuni ya Nike ili ajifunze kuteleza. Tarehe 12 Februari 1998, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na ushei. Boit aliwasili dakika 20 baadaye, wa 92 na wa mwisho. Bingwa alikuwa angali anamngoja, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang.

Lakini kwa nini twende hadi Japani? Theluji tunayo Mlima Kenya, ila haitatungoja kama Dæhlie. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima huo ulikuwa na barafuto 18, yaani mabonge makubwa ya barafu ya kudumu. Kufikia miaka ya 1980 zilibaki 11, na zilizosalia zinanyauka. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafuto za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia huenda zikatoweka kufikia 2050. Shule zetu, hata hivyo, huandaa ziara za Kisumu, Nairobi na Mombasa mwaka nenda mwaka rudi.

Sidai kwamba ni safari ya siku moja. Kufika Nanyuki tu kutoka Masimba huimaliza siku, na barafu yenyewe iko juu ya mita 4,500, mahali ambapo hewa ni nyepesi na kichwa huuma. Watoto wa msingi wasipelekwe huko. Wanafunzi wakubwa wa jiografia, wakiwa na waelekezi na siku kadhaa za kupanda polepole, wanaweza. Wengine na wautazame weupe huo kutoka Nanyuki asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika.

Na wasio na nauli? Mvua ya mawe itakapogonga tena mabati na kuchana majani ya chai, mwalimu akinge sufuria. Jiwe kubwa likikatwa huonyesha matabaka kama kitunguu, kwa kuwa upepo ulilipandisha wingi wa maji yakaligandia. Theluji haijengwi hivyo: ni mvuke uliogeuka chembe za barafu mawinguni bila kuwa tone la mvua kwanza. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mtoto.