Tadbiri ya Watu Kazini (Sehemu ya Pili): Ujira wa Dola Tano

Katika makala iliyotangulia tulisema kwamba usimamizi wa rasilimali watu huwa wa kimkakati pale tu ambapo namna ya kuajiri, kufunza, kulipa na kupandisha watu vyeo hutokana na muradi wenyewe wa shughuli, wala si na mazoea ya afisi ya utumishi. Leo tulithibitishe neno hilo kwa kisa cha kiwanda cha Henry Ford kilichokuwa Highland Park, karibu na Detroit, Marekani.

Mwaka 1913 magari yalianza kuundwa humo kwa mkondo: kiunzi hupita mbele ya mafundi, na kila mmoja hukifunga kipande chake kile kile, kisha hungoja kiunzi kingine, kutwa nzima. Kiunzi kilichochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa kikawa chamalizwa kwa muda wa saa moja u nusu hivi. Lakini watu walikimbia. Ili kudumisha wafanyakazi kama 14,000, kiwanda kililazimika kuajiri zaidi ya 52,000 mwaka huo; na maadam katika mkondo nafasi moja tupu huwachelewesha wote, kila aliyeondoka aliacha hasara ambayo daftari la mishahara haliionyeshi.

Tarehe 5 Januari 1914 Ford na mweka hazina wake, James Couzens, wakatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, mahali pa dola 2.34 kwa saa 9. Baada ya siku chache maelfu ya watu walisongamana langoni katika baridi kali, hata wakatawanywa kwa maji ya mipira ya zimamoto. Wako waliodhani ile ni sadaka. Hasha! Mwaka 1913 walioondoka walikuwa kama 370 kwa kila nafasi 100; mwaka 1915 walikuwa kama 16. Ujira ulikuwa umefungamanishwa na mkondo, na hiyo ndiyo tadbiri.

Hata hivyo tadbiri hiyo ilikuwa na ila kubwa. Karibu nusu ya dola zile ilikuwa mgawo wa faida wenye masharti, na wakaguzi wa kiwanda walikwenda hadi majumbani kuuliza habari za akiba, ulevi, ndoa na usafi. Kwangu mimi huko ni kuvuka mpaka, kwani ajira humpa mwajiri haki juu ya kazi ya mtu, si juu ya nyumba yake. Wala fedha haikuwanyamazisha wafanyakazi, ambao mwaka 1941, baada ya mgomo, walimlazimisha Ford kukitambua chama chao.

Makala ijayo, inshallah, itawahusu vibarua wa bandari ya Mombasa, walioajiriwa siku kwa siku, na ambao Januari 1947 waliungana na wafanyakazi wenzao katika mgomo mkuu uliousimamisha mji.