Ufyekaji wa Uoto wa Asili katika Ardhi Dhibitiwa ya Mashambani: Mfano wa New South Wales, Australia

Mkulima wa jimbo la New South Wales, kusini-mashariki mwa Australia, anapotaka kufyeka pori lililomo shambani mwake, sheria haianzi kwa kumuuliza ukubwa wa miti. Humuuliza habari za tarehe 1 Januari 1990: je, siku hiyo sehemu hiyo ilikuwa imekwisha kufyekwa? Ikiwa ilikuwa wazi, ardhi huingia kundi la kwanza, lililosamehewa, na hata msitu uliochipua upya baadaye, wenye umri wa miaka 30, kwa kawaida huweza kuondolewa bila kibali cha sheria hii. Ikiwa haikuwa imefyekwa, wala haikufyekwa kihalali baada ya hapo, huingia kundi la pili, yaani ardhi dhibitiwa. Hivyo mashamba mawili yanayopakana, yenye miti inayofanana, huweza kuwa chini ya masharti tofauti kabisa.

Uoto wa asili hapa si miti pekee. Vichaka, nyasi na mimea ya maeneo oevu imo pia, mradi iwe ya jamii iliyokuwapo jimboni kabla ya walowezi wa Ulaya.

Sababu mojawapo ya udhibiti huu imo ardhini. Miti ya asili ina mizizi mirefu inayofyonza maji ya mvua kabla hayajazama mbali. Nafasi yake inapochukuliwa na ngano au malisho, maji mengi zaidi hupenya, maji ya chini ya ardhi hupanda, nayo huinua chumvi iliyolala humo tangu zama za kale. Shamba hufanya ukoko mweupe na mazao hukauka. Madhara hayo huweza kutokea bondeni, kwa jirani ambaye hakukata hata mti mmoja. Ndiyo maana hoja ya kwamba shamba ni mali ya mtu binafsi haitoshi.

Hata hivyo, malalamiko ya wakulima walioona thamani ya ardhi yao ikipungua hayakuwa mepesi. Udhibiti mpana ulianza mwaka 1995, ukaimarishwa kwa Sheria ya Uoto wa Asili ya mwaka 2003, na uhasama ukakua. Mwezi Julai 2014, karibu na Croppa Creek, afisa wa mazingira Glen Turner aliuawa kwa risasi na mkulima aliyekuwa na mgogoro na serikali kuhusu ufyekaji haramu. Sheria ya 2003 ilifutwa, na utaratibu wa sasa ukaanza tarehe 25 Agosti 2017.

Chini ya utaratibu huo, kazi ndogo kama ujenzi wa uzio huruhusiwa bila kibali. Kazi kubwa zaidi hufuata kanuni maalumu: nyingine huhitaji taarifa tu, nyingine cheti, na mara nyingi mkulima hutakiwa kutenga eneo jingine la kutunzwa. Miteremko inayozidi nyuzi 18 na kingo za mito zina masharti makali zaidi.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni ya mwandishi, ulikuwa ramani. Utaratibu ulianza kutumika kabla ramani ya jimbo zima haijakamilika, hivyo mkulima alitakiwa aamue mwenyewe kundi la ardhi yake kwa kutumia picha za angani na kumbukumbu za shamba. Aliyenunua shamba mwaka 2010 alipaswa kuthibitisha hali iliyokuwapo miaka 20 kabla ya kulimiliki, na akikosea, shtaka ni lake.